Kitenzi cha Dawa Katika Nchi ya Umeza

Katika nchi ya Umeza kila jina lina kitenzi chake, na ndoa yao hufungwa na serikali. Maji hunywewa. Nyama huchomwa. Kamba huvutwa, na sigara huvutwa, na kwa kuwa Wameza wanaichukia sigara kuliko watu wote niliowahi kukaa nao, kitenzi cha kuvuta kimekuwa kama jirani mwenye sifa mbaya: watu humtumia, lakini hawamkaribishi ndani. Dawa humezwa. Hilo ndilo lililoipa nchi jina lake. Watu wakikutana asubuhi, mmoja huuliza, "Umemeza?" na mwenzake hujibu, "Nimemeza, imeshuka." Hata asiyeumwa hujibu hivyo, maana kusema hujameza ni kama kusema hujaoga.

Anayetumia kitenzi nje ya jina lake hupelekwa mbele ya Mahakama ya Vitenzi. Nilimwona mfanyabiashara mmoja akifikishwa huko kwa kusema mbele ya watu kwamba amekula hasara. Alijitetea kuwa ndivyo kila mtu asemavyo. Akaambiwa aonyeshe meno aliyoitafunia.

Mimi ni mtu wa maneno. Hakuna mwalimu aliyenifundisha ushairi. Niliukamata mwenyewe, mizani kwa mizani, na sioni haya kusema kwamba naujua. Kwa hiyo nilipoona nchi iliyoyajengea maneno mahakama yenye nguzo na ngazi za mawe, nilifurahi kama mtu aliyefika kwao. Furaha hiyo haikudumu.

Niliingia Umeza pamoja na tabibu Shekue, bingwa wa magonjwa ya mapafu, aliyekuwa ameitwa na mafundi wa vioo. Shekue anajua dawa kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila akisimama mbele ya kadamnasi ulimi wake hukwama. Mimi nilikuwa msemaji wake. Alibeba sanduku la barafu lenye vichupa vidogo vya dawa, na kifaa kimoja kinachotosha kwenye kiganja.

Mafundi wa vioo wa Umeza hufanya kazi penye tanuri. Hutia ncha ya bomba la chuma katika kioo kilichoyeyuka, kisha hupuliza mpaka kioo kivimbe kiwe chupa. Kupuliza ni kitenzi halali kwa kioo na kwa uji wa moto. Lakini vumbi la kiwanda kile limewaharibu wengi, na aliyeharibika zaidi ni fundi wao mkuu, Bi Mwatumu. Mapafu yake yalikuwa yamevimba ndani, njia za hewa zimekuwa nyembamba, na kila pumzi ilitoka na mlio kama mlango unaosuguana na sakafu. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, ila sasa aliutoa ukali huo vipande vipande, akipumzika katikati.

Tulipomkuta ameketi kizingitini kwake, nilimsalimia kwa maneno mazuri niliyoyaandaa njiani.

"Mshairi," alisema. Akahema. "Una maneno mengi. Nigawie pumzi."

Tabibu Shekue alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha alinivuta pembeni akaniambia kwamba bila dawa mama yule hatazimaliza mvua za mwaka ule. Tangu hapo hatukuwa na habari nyingine Umeza ila hiyo.

Dawa yenyewe, kama alivyonieleza, ni protini, jamii moja na ute wa yai, ila imetengenezwa kwa ustadi mkubwa na kukunjwa kwa umbo maalumu. Kwa umbo hilo inaingia penye uvimbe na kuutuliza, kama mtu anayeingia katikati ya ugomvi akawashika wagombanao mikono. Umbo likiharibika, basi. Kinachobaki ni chakula tu, tena kidogo. Ndiyo maana inakaa kwenye baridi, na ndiyo maana haimezwi: tumbo halijui tofauti kati ya dawa ile na yai la kuchemsha, litaisaga vilevile.

"Kwa hiyo inaingiaje?" niliuliza.

"Inavutwa," alisema Shekue, na papo hapo akatazama huku na huku, maana alikwisha kuambiwa habari za sheria.

Tulikwenda kwa Msimamizi wa Dawa, Bwana Tonge. Alikuwa mtu mpole, mnene wa mashavu, mwenye mazoea ya kumaliza sentensi za wenzake. Alitupokea vizuri akatutilia chai.

"Dawa ya mapafu," alisema. "Vizuri sana. Atameza asubuhi au jioni?"

Nilimweleza kwamba haimezwi.

"Ndugu mgeni, kama haimezwi si dawa. Ni nini, mafuta? Mafuta hupakwa. Mnataka apakwe?"

Nilimweleza habari ya tumbo na yai. Alisikiliza, akaandika neno yai, akalipigia mstari. Kisha akasema kwamba serikali haiwezi kukubali tumbo la raia lisingiziwe na wageni. Mama Mwatumu atapewa dawa kwa utaratibu uliopo.

Utaratibu uliopo ulikuwa huu. Kwenye kila chupa ya dawa Umeza pameandikwa: Tikisa kabla ya kutumia. Ili raia wasitikise kwa uzembe, kuna ofisa aitwaye Mtikisaji wa Serikali. Alikuja nyumbani kwa Bi Mwatumu amevaa mkanda mwekundu begani, majirani wakamzunguka, akaanza kutikisa kichupa chetu kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, huku watu wakimpigia makofi kwa mpangilio.

"Hii haitikiswi," Shekue alisema. "Ikitikiswa hivyo inakunjuka, inashikana, inakuwa si yenyewe."

"Tabibu," alisema Mtikisaji, hata hakusimama, "mimi nimetikisa dawa za mawaziri."

Dawa iligeuka povu. Povu hilo Bi Mwatumu alilimeza mbele ya mashahidi. Wakamwuliza kama limeshuka. Akasema limeshuka. Wakaenda zao wameridhika. Siku zilizofuata kifua chake kilibaki kama kilivyokuwa, na ripoti ya Bwana Tonge ikasema kwamba dawa imefanya kazi yake yote ila mgonjwa amekaidi.

Nilirudi ofisini kwake nikiwa na hasira, na sikuificha. Nilimwambia kwamba kama hataki ivutwe, basi angalau akubali sindano. Shekue alikuwa amenieleza kuwa sindano si njia nzuri kwa ugonjwa huu, kwa sababu dawa huzunguka mwili mzima na kinachofika mapafuni ni kidogo. Lakini kidogo ni afadhali kuliko povu.

"Sindano mnaifanyaje?" aliuliza Bwana Tonge.

"Tunamchoma."

Aliweka kikombe chini. "Mnamchoma mtu?"

"Tunamchoma sindano."

"Kuchoma ni kwa nyama, mahindi na mihogo. Ndugu mgeni, kwenu mnaishi vipi?"

Karani wake aliyekuwa mlangoni alitoka nje ili acheke kwa uhuru. Mimi sikucheka. Bwana Tonge, kwa kutaka kunituliza, alisema yeye si mtu mgumu na kwamba serikali imefikiria njia ya katikati. Wameza wanaruhusiwa kujifukiza. Hufunikwa blanketi juu ya chungu kinachochemka, na mvuke unaowaingia haumo katika mashtaka yoyote, kwa sababu kitenzi ni kufukiza, tena mtu anajifanyia mwenyewe. Basi dawa yetu itiwe chunguni.

Shekue alishika kichwa. "Mheshimiwa, umewahi kuona ute wa yai ukitiwa kwenye maji ya moto?"

"Huwa mweupe."

"Ndivyo itakavyokuwa."

"Vizuri. Sasa itaonekana."

Walichemsha kichupa cha pili. Dawa ilijikusanya chini ya chungu kama nyuzi nyeupe, Bwana Tonge akaziinua kwa kijiko akawaonyesha majirani, na kwa mara ya kwanza watu wa Umeza waliamini kwamba kweli tulikuwa tumeleta kitu. Bi Mwatumu alikaa chini ya blanketi akavuta mvuke wa maji matupu. Alipofunuliwa, uso wake ulikuwa umelowa na midomo yake imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Umeona nafuu, mama?" aliuliza Bwana Tonge.

"Nimeona blanketi," alisema.

Baada ya hapo hatukuwa na pa kwenda ila mahakamani. Tuliomba ruhusa ya kutumia kifaa. Papo hapo Bwana Tonge akafungua kesi dhidi yetu, ya kukusudia kuivuta dawa, na sanduku letu la barafu likachukuliwa liwe kielelezo. Nilidhani huo ndio mwisho wa dawa. Lakini sheria ya Umeza inataka kielelezo kikae katika hali ileile kilivyokamatwa, na kukiharibu ni kuidharau mahakama. Kwa hiyo askari wawili walisimama penye sanduku usiku na mchana wakiongeza barafu. Hospitali ya mji ule haikuwa na baridi kama ile.

Hakimu aliitwa Funda. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayesikiliza amefumba macho. Bwana Tonge ndiye aliyesimama kwanza. Alikiinua kile kifaa, mdomo wake mmoja wa kuwekwa kinywani, na ndani yake wavu mwembamba wenye matundu ambayo jicho haliyaoni.

"Mheshimiwa, tabibu mwenyewe amekiri. Wavu huu hutetemeka, dawa hupita matunduni ikawa ukungu, bila moto. Nimemwuliza matone hayo yana ukubwa gani. Amesema tone likiwa kubwa linakwama kooni, na likiwa dogo kupita kiasi linaingia na kutoka na pumzi bila kutua. Kwa hiyo anataka matone ya katikati, ambayo mtu hawezi kuyaona moja moja. Mimi nasema, kisichoonekana si dawa. Tena kinaingia kwa kuvutwa. Kinachovutwa ni kamba au sigara. Hii si kamba."

Watu ukumbini waliguna kwa kukubali. Kwa kweli ilikuwa hoja iliyopangwa vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi.

Zamu yangu ilipofika sikutaka kubishana na vitenzi vyao kimoja kimoja. Niliwapa ubeti, nilioutunga asubuhi ile nikipanda ngazi:

Tumbo ni jiko la nyama, kila kitu huyeyuka,
Na mgonjwa yuahema, pafuni haijafika,
Mwasema sheria njema, huku watu waanguka,
Kitenzi kikisimama, na pumzi yakatika.

Kisha hakimu akafumbua macho akaomba niurudie mstari wa mwisho. Nikaurudia. Akamtazama karani.

"Vina vimekaa," alisema karani.

"Mizani?"

"Imetimia, Mheshimiwa, kote."

Bwana Tonge alisimama akasema kwamba upande wa serikali unakubali kuwa vina vimekaa, na unampongeza mgeni. Watu wakapiga makofi. Hakimu akasema mahakama imefurahishwa, na kwamba ombi letu limekataliwa, kwa kuwa ubeti haukutaja kitenzi mbadala. Kesi ya kukusudia itaendelea. Nilibaki nimesimama huku masikio yakiniwaka. Sijawahi kusifiwa vile katika maisha yangu, na sijawahi kutamani kiasi kile kuwa bubu.

Bwana Tonge alimwita shahidi wake, na shahidi wake alikuwa Bi Mwatumu. Alitaka aeleze kwa kinywa chake kwamba tabibu alimshawishi kuvuta. Wanawake wawili wa kiwandani walimpandisha kizimbani wakiwa wamemshika kwapani. Alikuwa na hali mbaya. Mlio wa kifua chake ulisikika mpaka viti vya nyuma, na mtu mmoja karibu yangu alikuwa ameanza kuhema naye bila kujijua.

Karani akamsomea taratibu za kiapo, kama wanavyosomewa wote. "Shahidi, shika kielelezo mkononi. Vuta pumzi ndefu. Kisha sema kweli."

Askari akafungua sanduku la barafu. Bi Mwatumu akanyoosha mkono, akachukua kichupa, akachukua na kifaa, akavitazama. Kisha akamtazama Shekue. Ulimi wa tabibu ulikuwa umekwama tena. Alifanya tu kwa vidole, polepole, kama mtu anayefungua kifuniko na kumimina.

Bi Mwatumu akamimina. Akakiweka kifaa kinywani. Kikavuma sauti ndogo kama ya nyuki aliye mbali.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Tonge, "shahidi anavuta dawa."

Hakimu Funda alikuwa amefumba macho. "Shahidi anavuta pumzi. Ndivyo alivyoamriwa. Au unaniambia kwamba kitenzi cha mahakama hii ni haramu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini ndani ya pumzi hiyo mna kitu."

"Unakiona?"

Bwana Tonge alikaribia kizimba. Aliinama mbele ya uso wa Bi Mwatumu, akakunja macho, akatafuta. Kulikuwa na weupe kidogo kando ya mdomo wa kifaa, kisha haukuwepo.

"Sioni kitu, Mheshimiwa."

"Na wewe ndiye uliyeiambia mahakama kwamba kisichoonekana si dawa." Hakimu akageuka upande wa kizimba. Macho yake sasa yalikuwa wazi. "Shahidi, umevuta haraka. Kiapo cha haraka hakishiki. Rudia. Polepole, mpaka mwisho, kisha uishike hapo kabla ya kuitoa."

Nilimtazama Shekue, naye akanitazama. Ni maneno yaleyale ambayo tabibu huwaambia wagonjwa wake.

Bi Mwatumu aliapa mpaka kichupa kikaisha. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeketi ukumbini aliyetoka. Mwisho alikitoa kifaa kinywani, akafuta midomo kwa ncha ya kanga. Karani akamwambia sasa aseme kweli.

"Nimechoka," alisema. "Hiyo ndiyo kweli."

"Shahidi amechoka," alisema hakimu. "Kesi inaahirishwa hadi wiki ijayo. Shahidi huyuhuyu, kielelezo kinachofuata. Na ataapa upya."

Katika nchi nyingi nimesikia watu wakilaani kesi kuahirishwa. Umeza nako waliilaani tabia hiyo miaka mingi, na mahakama ile ina mashauri ya mbuzi ambayo mbuzi wenyewe walikwisha kufa kwa uzee. Lakini ile ya Bi Mwatumu iliahirishwa kwa sababu zilizotungwa vizuri kuliko ubeti wangu. Mara karani amepotewa na sauti. Mara kiti cha hakimu kinatengenezwa. Mara Bwana Tonge anahitaji muda kutafuta maana ya neno pumzi. Na kila iitwapo, shahidi hushika kielelezo, huvuta, huambiwa arudie polepole, kisha huchoka.

Haikuwa miujiza. Wiki za mwanzo hatukuona kitu. Baadaye mlio wa kifua ulipungua, kisha akaanza kupanda ngazi za mahakama ameshikwa na mtu mmoja badala ya wawili, kisha akawa anajishikia ukuta mwenyewe. Sentensi zake nazo zilirefuka, na wanaomfahamu wakaanza tena kumwogopa. Mafundi wengine wa vioo, wenye vifua kama chake, walijaza viti vya mbele wakiomba waitwe mashahidi. Bwana Tonge aliwapokea. Nadhani alijua. Alikuwa akija na karatasi zake, anasimama, anapinga, anakaa, na kila siku alipinga kwa sauti ndogo zaidi.

Jambo moja lilikuwa likinikereketa. Sheria ilikuwa palepale. Kule sokoni walikuwa bado wanatikisa, wanachemsha, wanaulizana kama imeshuka, na watoto wenye pumu walikuwa wakimeza povu kwa sababu hawana kesi. Hakimu anayeweza kuokoa mtu kwa kufumba macho anaweza kuokoa mji kwa kuyafumbua. Ndivyo nilivyowaza, na ndivyo ninavyowaza hata leo.

Kwa hiyo siku moja, kesi ilipoitwa, nilisimama. Nilikuwa na beti kumi na mbili, na katika kila ubeti kitenzi mbadala. Nilikuwa tayari kudai hukumu siku ileile, hapohapo, mbele ya watu wote, ili Umeza iseme wazi kama inataka vitenzi au inataka watu. Hakimu alinitazama, na usoni mwake niliona kitu nilichokielewa nikiwa nimechelewa kidogo: hofu. Akiulizwa waziwazi, sheria inampa jibu moja tu, na jibu lenyewe si letu.

Shati langu lilivutwa kwa nyuma. Bi Mwatumu alikuwa ameketi nyuma yangu akingoja zamu yake, kiganja chake kimeshika pindo la nguo yangu kwa nguvu ambayo sikujua kwamba ameshaipata.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, bila kuhema hata mara moja, "kaa chini. Wewe una pumzi ya kugombana nao. Mimi yangu bado naikopa humu. Wakitoa hukumu leo, kesho nitavuta nini?"

"Na wale watoto?" nilimnong'oneza.

"Nikipona nitawasemea mwenyewe. Nina sauti kukuzidi. Kaa."

Hakimu aliuliza kama mgeni ana la kusema. Ukumbi mzima ulinigeukia. Walikuwa wakiutarajia ubeti. Nilikaa, nikameza mate na hasira kwa pamoja, jambo ambalo katika nchi ile halina kosa, na karani akamwita shahidi.